Harusi Tisa za Koko Verna

Mwezi uliopita boksi lilipasuka kazini. Niko katika ghala moja nje kidogo ya Hilliard, karibu na Columbus, kitengo cha bidhaa zinazorudishwa, tunakopokea vitu ambavyo watu wamenunua kisha wakajuta. Makopo ya mipira ya tenisi yalimwagika sakafuni, moja likafunguka karibu na mguu wangu, na ile harufu ikanifikia hata kabla sijainama: mpira mpya, gundi, na kitu kinachokaribia mafuta ya taa. Nikabaki nimechuchumaa na skana yangu mkononi. Msimamizi akauliza kama nimeumia. Nikamjibu hapana, nikaendelea kuokota, lakini siku nzima akili yangu ilikuwa Louisville, ndani ya gereji ya mwanamke mmoja mzee, nami nina miaka kumi.

Tulifika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi mimi na mama, wawili tu. Tulipewa nyumba mtaa wa Newburg, ghorofa ya pili, katika majengo yaliyofanana mpaka mara mbili nilibisha mlango usio wetu. Kambini sikuwahi kujua upweke ni kitu gani. Huko ukipiga chafya, jirani wa tatu anakuombea afya. Amerika niliyoiona mimi ilikuwa milango iliyofungwa na magari yanayopita. Shuleni niliketi mwisho wa meza ya chakula, nikitafuna polepole ili muda uishe nikiwa bado nina shughuli. Nilijua kusema jina langu, nilijua kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na kwa miezi mingi hayo mawili ndiyo yalikuwa maongezi yangu yote na watoto wa Wamarekani.

Kisha mama akapata kazi ya kutunza wazee, kila siku ya shule kuanzia alasiri mpaka saa moja jioni, na Jumamosi. Hapo ndipo shida ilipoanza. Tulipokuja tulielezwa kwamba mtoto haachwi nyumbani peke yake. Maelezo hayo yalipopita midomo ya akina mama wa jengo letu, yalifika kwetu yakiwa na polisi na gari la kubebea watoto. Kampuni nayo ilikuwa na sheria yake, kwamba mfanyakazi haji na mtoto kwa mteja. Kuniacha hawezi, kunipeleka hawezi. Mama alisali siku mbili, siku ya tatu akanivalisha koti.

"Bon, sikia muzuri," aliniambia ndani ya basi kwa Kiswahili chetu cha Uvira, akiwa ameshika shavu langu ili nisigeuke dirishani. "Kule weye hauko mutoto, uko kivuli. Usiguse kintu. Gari ikiingia tu, unakimbia gereji. Bakijua nakuleta, kazi imeisha, njo mwisho yetu."

Nilikusudia kuwa kivuli kwelikweli. Lakini tulipoingia, mwenye nyumba alikuwa amekaa akitazama mlango, na aliniona kabla mama hajanisukuma nyuma ya sketi yake. Alikuwa mzungu mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akanitazama. Akamtazama mama, ambaye midomo ilikuwa imemkauka. Halafu akaweka kidole mdomoni pake, akanikonyeza. Tangu siku ile siri ikawa ya watu watatu.

Jina lake lilikuwa Verna. Mama alinikataza kumwita hivyo kavu, akaniambia nimwite Koko, ndivyo sisi wa Uvira tunavyowaita bibi zetu. Nilipomwita mara ya kwanza alicheka, akarudia neno lile taratibu, na kuanzia hapo hakukubali nimwite vingine. Kila siku saa kumi jioni Koko Verna alijipaka rangi ya mdomo, akaketi karibu na dirisha la mbele. Huenda mtu akaja, alisema. Sikumwona mtu aliyekuja, isipokuwa mtu wa posta. Alikuwa na binti wa marehemu kaka yake, aliyepiga simu kila Jumamosi na kuongea muda usiotosha kuchemsha yai. Simu ile ilipokatika, Koko aliendelea kuishika.

Sasa nieleze habari ya picha za nyumba ile. Zilikuwa kwenye korido, tisa, zote za rangi nyeusi na nyeupe. Katika kila moja Koko Verna alikuwa msichana, amevaa nguo nyeupe pee kuanzia shingoni mpaka viatu. Pembeni yake mwanamume aliyevaa suti anampa mkono. Nyuma yao watu wameketi kwa mistari wanapiga makofi. Na kila mara anakabidhiwa zawadi, kikombe kikubwa cha fedha, au sinia, au birika. Mahali nilipotoka mimi, msichana havai nyeupe tupu, akapigiwa makofi na kupewa vyombo, isipokuwa siku moja tu maishani mwake. Gauni lilikuwa fupi kidogo, ni kweli, lakini wazungu nilishawaona wakifanya mambo ya ajabu zaidi ya hayo. Kwenye picha nne alishika raketi kifuani. Nikahitimisha kuwa bibi harusi wa huku hushika hiyo badala ya maua.

Chini ya kila picha paliandikwa mji kwa wino: Louisville, Columbus, Buffalo, tena Louisville, tena Buffalo. Na wanaume walikuwa tofauti. Mwanamke mwingine mmoja tu, mrefu, naye kavaa nyeupe, ndiye aliyerudi katika picha sita, nikajua huyo ni msimamizi wake wa harusi. Nilihesabu zile picha mara nyingi nikitoka kunawa mikono. Koko Verna alikuwa ameolewa mara tisa.

Na wale waume wako wapi? Nyumba ile ilikuwa na kiti kimoja kilichobonyea, sahani moja kwenye kichanja cha vyombo, wala hapakuwa na kiatu hata kimoja cha kiume. Siku moja nilijikaza, nikaelekeza kidole kwenye zile picha, nikauliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: hawa watu, wapi?

"Wamekwenda, mpenzi wangu," akajibu. "Wote wamekwenda."

Nilimwonea huruma sana. Sikumwambia mama. Niliona ni jambo ambalo Koko amenipa mimi kulitunza.

Gereji ilikuwa iwe maficho yangu, ikageuka kuwa shule. Koko alikuja na fimbo yake, akaketi kwenye kiti cha bustani, akanielekeza kushusha raketi ya mbao iliyotundikwa ukutani. Akafungua kopo la mipira, na ndipo nilipoikuta ile harufu. Nilipiga mpira ukutani, ukarudi, nikaukosa. "Tena," akasema. Ukarudi, nikaukosa. "Tena. Tazama mpira, usinitazame mimi." Mama alikuwa ameanza wakati ule kunifundisha kusonga bugali, akiniambia msichana asiyejua kusonga atamtia mama yake aibu kwa wakwe. Kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Nilijua kabisa kwamba hiki cha kupiga mpira ndicho wazungu wanachomfundisha msichana kabla hajaolewa, na kwamba Koko, asiye na binti, ameamua kunifunda mimi. Nilijitahidi sana. Wiki kadhaa baadaye niliweza kuurudisha mara kumi, mara ishirini, na Koko alihesabu kwa sauti akipiga fimbo sakafuni.

Katikati ya kuhesabu alinisimulia mambo yake. Nilishika nusu, nusu nikaijaza mwenyewe. Alisema walisafiri kwa treni wakati wote wa kiangazi, yeye na yule mrefu, mji hadi mji, wakilala kwa watu wasiowajua. Alikuwa na magauni mawili tu, moja akalifua kila jioni kwenye sinki na mara nyingine kulivaa likiwa bado bichi. Hawakulipwa chochote, walipewa vyombo tu. Na Buffalo, alisema, Buffalo ndiyo ilimvunja moyo. Alitoka huko analia ndani ya treni mpaka Columbus. Mimi nilikaa nimeshika raketi, nikiwaza masikini huyu, alifiwa Buffalo, na bado akavaa gauni bichi akaenda kuolewa tena.

Kiingereza changu kilizaliwa mle gerejini. Kufikia majira ya baridi nilikuwa natafsiri barua za mama, simu za shule, hata mahubiri ya mgeni kanisani. Watu wazima walinishika bega na kunisimamisha katikati yao. Nilifurahi kuhitajiwa, ingawa baada ya kutafsiri kila mtu aliondoka na lake nikabaki palepale. Ukweli ni kwamba rafiki yangu alikuwa mmoja, mwenye miaka themanini na ushee, na hakutakiwa kujulikana.

Basi Jumapili moja Mama Rehema, kiongozi wa akina mama wa kanisa letu na rafiki mkubwa wa mama, alinikuta nimejibanza kwenye ngazi.

"Mama yako anamutunzaka nani kule?" akauliza.

"Koko mmoja mzungu."

"Bwana yake iko?"

Nilijua siri ni mimi kwenda kule. Habari za waume hakuna aliyenikataza. "Walikufa," nikasema.

"Walikufa? Wangapi?"

"Tisa."

Mama Rehema aliweka mikono kichwani. "Yesu wangu! Tisa! Na nani alikwendaka kumufariji?"

"Hakuna mtu."

"Ata moja?"

"Hata mmoja."

Nadhani jibu hilo la mwisho ndilo lililomshinda. Akaniuliza nyumba iko wapi, nikamwelekeza. Kwetu mtu akifiwa hakuna anayengoja mwaliko. Akina mama hubeba sufuria, huingia, huvua viatu, hukaa chini pamoja na mfiwa, huimba, huomba, na hawaondoki mpaka mfiwa ale. Kufiwa bila kukaliwa ni kitu kibaya kuliko kifo chenyewe. Mtu aliyefiwa mara tisa bila hata wimbo mmoja, Mama Rehema hakuweza kumwacha hivyo wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata, nikiwa gerejini, nilisikia milango ya magari. Si gari moja, mengi. Nilijificha nyuma ya pipa kama nilivyofundishwa. Halafu nikasikia Kiswahili, nikaingia ndani kuchungulia.

Walikuwa kumi, wamejifunga vitenge juu ya makoti ya baridi, sufuria mbili za sombe, yaani kisamvu, mikononi. Mama alifungua mlango akiwa na glavu za kazi, uso ukamwishia damu. Nilimwona akitaka kuwarudisha, na nikaona asivyoweza. Atawaambiaje watu waliokuja kufariji warudi na sufuria zao? Walivua viatu, wakapita makochi wakayaacha, wakaketi sakafuni kumzunguka Koko Verna, aliyekuwa kwenye kiti chake na rangi yake ya mdomo. Wakaanza kuimba. Mama Rehema alinivuta mkono.

"Mwambiye tumekuja kumupa pole ya mabwana yake. Ile yote tisa."

Nikatafsiri. Koko aliinama karibu nami. "Waume gani, mtoto wangu? Mimi sijapata kuolewa."

Macho yangu yenyewe yalikwenda kwenye korido. Koko akayafuata, akaona nilichokuwa nikikiona, akawatazama tena wale kumi waliokaa chini. "Zile?" akasema polepole. "Zile ni tenisi."

Nimetafsiri mengi tangu wakati ule, hospitalini, mahakamani, kwenye ofisi za serikali. Sijawahi tena kupata dakika ndefu kama ile. Wanawake kumi walinitazama, wanangoja.

"Anasema nini?" akauliza Mama Rehema.

"Anasema asanteni sana," nikajibu.

Koko aliuliza wanataka nini basi. Sikuwa na uongo wa pili. Nikamwambia wamekuja kwa sababu uko peke yako. Machozi yakaanza kumtoka, akaachia yateremke bila kuyafuta. Akina mama walipoyaona wakapaza sauti, kilio hasa, kile cha kwetu. Na mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, akateleza na ukuta mpaka sakafuni, glavu zake zikiwa mikononi, akalia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Nikajua analilia kazi.

Yule mpwa wa Koko aliingia mbio katikati ya kilio. Jirani alikuwa amempigia simu. Kwa yale magari na ile sauti, alidhani shangazi yake amekufa. Alimkuta yu hai, kitenge mabegani, anakula sombe kwa kijiko. Hasira ya mtu aliyeogopa ni mbaya. Aliuliza hawa ni nani, na huyu mtoto ni nani, na amekuwa akija hapa tangu lini. Swali lile nikatakiwa kumtafsiria mama.

Koko akawahi. "Leo ndiyo mara yake ya kwanza," akasema, bila kupepesa.

Mpwa aliangalia mlango wa gereji. Kandambili zangu za rangi ya waridi zilikuwa pale, kando ya viatu vya Koko, zimekanyagwa hadi kuisha. Hakuuliza zaidi. Jumatatu kampuni ilimpigia mama, na mama, asiyejua kudanganya, akakiri.

Hatukurudi tena. Hata kuaga hatukuruhusiwa. Wiki nzima mama aliniuliza ni nani aliyempeleka Mama Rehema kule, na kila mara nilisema sijui. Mwishowe aliamua ni kiherehere cha Mama Rehema mwenyewe. Akaacha kumsalimia, akaacha kanisa, na kiangazi kilipofika tukahamia Columbus tusikomjua mtu. Nilianza tena mwisho wa meza ya chakula. Nilikuwa nimempotezea mama kazi na rafiki, nikajipotezea Koko, na nilichopaswa kusema kilikuwa neno moja tu, "mimi". Sikulisema. Kila mwaka lilizidi kuwa gumu.

Nilipokuwa mkubwa nilimtafuta Koko Verna mtandaoni. Nilipata tangazo la kifo chake na ukurasa mmoja wa gazeti la zamani. Alishinda Louisville mara tatu na Columbus mara mbili, akicheza na yule mrefu, wawili kwa wawili. Buffalo alifika fainali mara nne na kushindwa zote nne, na zile sinia nilizoziona ni za mshindi wa pili. Mara moja alikwenda kwenye mashindano makubwa ya mashariki, yanayochezwa kwenye majani, akatolewa siku ya pili. Baada ya hapo aliacha, kwa kuwa vikombe haviliwi, akafundisha michezo katika shule ya wasichana mpaka alipostaafu. Tangazo lilisema hakuolewa na ameacha mpwa mmoja.

Jioni ya lile boksi nilimpigia mama. Siku hizi yuko Buffalo, alinunua nyumba ya zamani mtaa wa Black Rock, na bado anatunza wazee. Nilimwambia kabla ujasiri haujaisha. Picha, harusi, ngazi za kanisani, yote.

Akasikiliza hadi mwisho. "Donc ule mzee hakuolewaka?"

"Hata mara moja, mama."

"Na siku ile alikwambia nini?"

"Alisema hajapata kuolewa."

"Na weye ukatuambia asante." Akaanza kucheka, kicheko cha kukosa pumzi. "Bamama kumi! Sufuria mbili ya sombe!"

"Mama, mimi ndiye niliyekupotezea ile kazi. Siyo Mama Rehema."

Kicheko kikaisha. "Kazi nilipata ingine," akasema. "Lakini Mama Rehema, miaka yote ile sikumusalimia. Kesho unanitafutia numero yake." Nikasikia akivuta kiti. "Weye unafikiri nilikuwa namulilia ule muzungu?"

"Nilidhani unalilia kazi."

"Nilikuwa nalilia baba yako. Tulimuacha njiani, weye uko ku mugongo yangu. Hatukumuzika, hatukukaa chini ata siku moja, tulikimbia. Na ku kambi kila mutu alikuwa na wafu yake, nani angekuja kukalia wangu? Siku ile njo nilikaa chini. Mama Rehema pia, bwana yake ni vilevile. Bote pale."

Nilikuwa ndani ya chumba kile. Nilikuwa nimesimama katikati yao, mimi ndiye niliyesikia lugha zote mbili, na sikuwa nimemsikia mama yangu. Nilikumbuka kwamba katika maisha yangu yote sikuwahi kumuuliza habari za mtu yule, kwa sababu naye hakuwahi kumtaja, na kila mmoja wetu alikuwa akimtunza mwenzake kwa kukaa kimya, mimi Hilliard, yeye Black Rock.

"Mama," nikasema, "alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilimsikia akijiweka sawa kwenye kiti.

"Alikuwa na sauti mubaya," mama akasema. "Mubaya kabisa. Lakini wimbo ikianza tu, yeye njo wa kwanza."